Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KBC: vipindi vyenu vya zamani viko majumbani mwetu, tuombeni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam kutoka Mombasa, na poleni na kazi. Mimi ni fundi wa video. Kazi yangu ni kutoa picha kwenye kaseti za zamani za VHS na kuziweka kwa flashi ama kwa hard disk, na wateja wangu wengi huniletea harusi, maulidi, mazishi, sherehe za shule, mambo ya kifamilia tu. Naandika wazi badala ya kutuma kwa bahasha manake jambo lenyewe linahusu watu wengi ambao hata hawajui linawahusu, na ningependa nao wasome.

Ni hivi. Vipindi vyenu vya zamani viko kwa nyumba za watu. Viko ndani ya makabati, juu ya dari, chini ya vitanda, kwa masanduku ya bati, na vingi kaseti zake zimeandikwa juu "Harusi 1988" kwa hivyo hakuna mtu atakayewahi kuvitafuta humo. Kaseti ya kawaida hapa kwetu ilikuwa E-180, masaa matatu kwa spidi ya kawaida, na ukiweka LP, ile spidi ya polepole, inaenda masaa sita. Harusi ikirekodiwa inachukua saa moja unusu, mbili. Sasa hiyo iliyobaki? Kaseti ilikuwa ghali, nani angeiacha ikae bure, kwa hivyo jioni baba anawasha deki anarekodi chochote kilichoko hewani, na miaka ile hewani mlikuwa nyinyi peke yenu. Bi harusi anaingia kwa gari, chenga chenga kidogo, alafu ghafla unawaona Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kile kichekesho cha Vitimbi wanazozana sebuleni. Ama kipindi cha Vioja Mahakamani kimeshafika katikati, mshtakiwa yuko kizimbani anajitetea. Ama ni taarifa ya habari ya saa moja, ama tangazo la sabuni ambalo watoto wa wakati ule wote walikuwa wanaliimba.

Na mteja ananiambia nini? "Fundi, hiyo nyingine kata, nataka harusi tu." Simlaumu hata kidogo, ni harusi ya mamake na analipia kwa saa. Mimi huwa naomba ruhusa niweke ile sehemu ya mwisho, wengine wanakubali, wengine hawataki kabisa vitu vyao vibaki kwa mtu, na wengine wakishapata flashi yao ile kaseti yenyewe inaenda jalalani siku hiyo hiyo. Hapo ndipo roho inaniuma Mkurugenzi, manake inayotupwa pale inaweza kuwa kopi ya mwisho duniani ya kitu ambacho nchi nzima ilikaa ikatazama pamoja.

Na kweli nchi nzima ilitazama pamoja. Televisheni imeanza Kenya 1962, mwaka 1964 ikawa Voice of Kenya, 1970 Mombasa nayo ikapata steshini yake, 1989 jina likarudi KBC, na mpaka KTN ilipoanza 1990 hakukuwa na televisheni nyingine nchini. Karibu miaka thelathini ya picha za Kenya, jinsi watu walivyovaa, walivyoongea, Kiswahili chao, vichekesho vyao, muziki wao, vyote vimepita kwa mlango mmoja. Kizazi cha wachekeshaji wa zamani Mzee Pembe na Kipanga, mpaka kina Ojwang, wote walipita hapo kwenu. Mzee Ojwang mwenyewe alitutoka Julai 2015. Hatarudi kuigiza tena, tulicho nacho ni kile kilichorekodiwa tu.

Tafadhali usione kama nakuja kulaumu. Kufuta kanda si jambo la steshini moja ama la Afrika peke yake. Kanda za zamani za studio zilikuwa ghali sana na zinaweza kutumika tena, kwa hivyo ikisharushwa mara moja mbili inafutwa inarekodiwa kitu kingine, hivo ndivyo kazi ilikuwa inafanywa. BBC ya Uingereza walifanya hivyo miaka ya sitini na sabini, NHK ya Japani vilevile mpaka karibu miaka ya themanini. Hata NASA, shirika la Marekani la safari za anga, kanda za awali zenye picha bora zaidi za watu wa kwanza kutembea mwezini, Julai 1969, zilifutwa zikatumika tena, na 2009 walipotaka kuisafisha ile video ilibidi wakatafute kopi za matangazo zilizohifadhiwa na wengine, zikiwemo za steshini ya CBS ya Marekani. Kama waliofika mwezini walifuta basi hakuna haja ya mtu kuona aibu. Kinachonishughulisha ni walichofanya baadaye, kwamba waliinuka wakaenda kutafuta kopi.

Hadithi ya BBC inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Wao walikuwa na kipindi kinaitwa Doctor Who, miaka yake sita ya kwanza ina episodi 253, na nyingi zilifutwa. Lakini kabla hazijafutwa walikuwa wamezihamisha kwenye filamu ya milimita 16 ili waziuzie steshini za nje, Afrika tukiwemo, na filamu moja ilikuwa inazunguka, ikimaliza kuonyeshwa nchi hii inapelekwa nchi ile. Sasa mwaka 2013 kukatangazwa kwamba mtafutaji mmoja Mwingereza anaitwa Philip Morris amepata episodi 9 zilizokuwa zimepotea kabisa, na alizipata wapi? Jos, Nigeria, kwa kituo cha kurushia matangazo, zimekaa kwenye rafu zina vumbi. Miaka mingi hakuna aliyezigusa. Baada ya hapo bado zilikuwa zinakosekana 97 lakini hizo 9 zikarudi, watu wakaziona wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Na sio filamu za steshini peke yake. Mwaka 2001 episodi mbili za ile komedi yao ya Dad's Army zilirudishwa baada ya kukaa kwa banda la bustani la mtu, zilikuwa zimeokotwa kwenye takataka za studio. Mtu mmoja tu aliona zinatupwa akasema hapana.

Kwa hivyo kama vitu vya Mwingereza vilitunzwa bila kukusudia Nigeria, vitu vyetu sisi vitakuwa vimefika wapi? Nitakwambia ninavyofikiri. Tanzania Bara hawakuwa na televisheni yao mpaka 1994. Zanzibar walianza 1973 na ilikuwa ya rangi, lakini Arusha na Moshi watu walikuwa wanainua eriali juu ya milingoti wanatafuta picha ya Kenya. Mwenye deki huko angerekodi nini kama sio nyinyi? Alafu kuna familia za Wahindi waliohama Nairobi na Mombasa wakaenda Leicester, Toronto, wengi wao walikuwa na deki kabla yetu sisi. Kuna ndugu zetu wa Pwani walioenda Muscat, Dubai, Jeddah, na wa nyumbani wakawa wanawarekodia Vitimbi na kuwapelekea kwa mkono wa msafiri pamoja na halua na achari. Kaseti hizo zingine bado ziko huko. Hali ya hewa ya kule ndani ya nyumba zenye eyakondishina ni nzuri kwa tepu kuliko hapa kwetu ambapo unyevu unazipiga kuvu nyeupe mpaka unaogopa kuziingiza kwa mashine.

Pengine wataalamu wenu watakwambia, mkubwa, tuna kopi yetu ya kipindi hicho kwenye maktaba, ya huyo fundi wa Mombasa ya VHS ya nini, picha yake hafifu. Hapa naomba unisikilize vizuri sana manake ndio kiini cha barua yangu. Kopi ya pili haijawahi kuwa bure. Kanda yenu inaweza kuwa imekwaruzwa dakika ya kumi na mbili na yangu dakika hiyo iko sawa. Yenu inaweza kuwa imekatwa ili ijae muda wa marudio, na ya nyumbani ikawa ni ile iliyorushwa siku ya kwanza, nzima, na matangazo yake katikati. Inawezekana yenu ina picha bila sauti. Kuna mfano mmoja ambao kila nikiufikiria nafurahi. BBC walikuwa na hadithi moja ya Doctor Who ya mwaka 1971, rangi ilishafutwa, wamebaki na filamu nzuri lakini nyeusi na nyeupe. Kumbe Marekani mtazamaji wa kawaida alikuwa ameirekodi nyumbani kwake kutoka kwa TV, picha yake ni mbovu lakini ina rangi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakachukua ile picha kali ya filamu yao, wakachukua rangi kutoka kwa kaseti ya yule mtu, wakaviunganisha, ikarudi kuwa ya rangi. Kopi mbili, kila moja peke yake ina kasoro, na zikikutana unapata kipindi kizima. Na zile ambazo picha zimepotea kabisa, sauti zake zote zipo manake kulikuwa na vijana wanarekodi sauti ya TV kwa mashine za tepu majumbani. Hebu fikiria basi, hata kaseti ya kawaida ya sauti ya redio ambayo mtu aliiweka karibu na spika ya televisheni ina maana.

Njia ya kufanya hii kazi ipo tayari na si ya gharama ya kutisha. NHK wana mradi wa kutafuta vipindi vilivyopotea, wanatangaza hewani wanaomba wananchi, waigizaji wa zamani, wafanyakazi waliostaafu, yeyote aliyerekodi zamani nyumbani, awaletee kaseti. Na watu wanaleta. Ni shirika la umma kama nyinyi, linaongea na watu linaowatumikia, basi. Nasi tunaweza. Nyinyi mna kitu ambacho mimi na mafundi wote wa nchi hii hatuna, mna hewa. Tangazo la nusu dakika kila jioni baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili, na redioni pia, mkiita Idhaa ya Taifa na zile idhaa za lugha za nyumbani, linafika kwa mzee wa Taveta na mama wa Busia siku moja. Mtu aseme tu: angalia mwisho wa kaseti yako ya harusi kabla hujaitupa.

Lakini kuna jambo lazima litangulie, na hili ni wewe peke yako unaweza kulisema. Watu wanaogopa. Mzee mmoja mteja wangu ana kaseti nyingi tu na anakataa zisitoke nyumbani kwake, anaamini akijitokeza ataulizwa nani alikupa ruhusa ya kurekodi mali ya serikali. Mwingine anaogopa ataipeleka na asiione tena. Hata Uingereza waliokuwa wanakusanya filamu wengi wao walificha kwa miaka kwa sababu hiyo hiyo, kuogopa kunyang'anywa. Kwa hivyo tunaomba mtoe ahadi rasmi, kwa maandishi, kwa Kiswahili ambacho kila mtu ataelewa, kwamba aliyerekodi nyumbani kwake hatashtakiwa wala kuulizwa chochote, kwamba kaseti inaazimwa tu, anapewa risiti, inanakiliwa, anarudishiwa ya kwake pamoja na flashi yenye harusi yake bure. Hiyo flashi ya bure itavuta watu zaidi ya kitu kingine chochote, nakuhakikishia, manake hakuna familia isiyotaka kuwaona wazee wao tena na wengi deki zao zilikufa zamani.

Mahali pa kupokelea msijenge ofisi mpya. Huduma Centre ziko kaunti zote. Kazi ya kunakili muwape vijana wa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, wakisimamiwa na wazee wa studio mliowastaafisha na mafundi wa deki waliobaki, tuko bado, ingawa tunapungua. Wanakili kaseti nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, wasiruke matangazo ya biashara, wasiruke yale mawimbi ya kufungia steshini na wimbo wa taifa usiku. Faili iwe isiyobanwa ubora ukapotea, na kopi moja ikae kwenu na nyingine iende Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, moto ukitokea sehemu moja tusipoteze vyote.

Kuhusu haraka. Mnamo Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani ambayo ndio ilikuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS ilisimamisha. Tangu hapo kila deki iliyoharibika imeondoka tu, hakuna mpya inayoingia. Mimi natengeneza moja kwa kuchinja nyingine mbili, hedi natoa huku, belti natoa kule. Mwaka 2019 wataalamu wa nyaraka za sauti na picha pamoja na UNESCO walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba kufikia karibu 2025 kanda za sumaku ambazo hazijanakiliwa zitakuwa ngumu sana kuokoa, kwa tepu zenyewe kuoza na kwa mashine kukosekana. Huo mwaka umeshafika. Si kwamba zimekufa zote, mwezi huu huu nimetoa picha safi kwenye kaseti ya miaka ya themanini, lakini zile kubwa za U-matic, kaseti za kazi za studio na maofisi, nyingi gundi yake imeshaanza kuyeyuka, ukiicheza bila kuikausha kwanza kwa joto la polepole inaacha unga wa kahawia kwa hedi na picha inaondoka nao milele. Tafadhali kama kuna mtu huko kwenu anajaribu kanda za zamani moja moja kuona kama zinafanya kazi, mwambieni aache kwanza.

Kila tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Dunia ya urithi wa sauti na picha. Ingekuwa vizuri sana siku hiyo mkatangaza mambo mawili hewani, moja orodha ya vipindi vya kabla ya 1990 mlivyonavyo na tarehe zake, ili sisi tunaopokea kaseti tujue kipi kinakosekana na tukikiona tusikiache kiondoke, na pili ile ahadi niliyosema. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 11 inaitaka serikali ikuze utamaduni wa taifa kupitia sanaa, vyombo vya habari, maktaba na urithi mwingine. Sioni Vitimbi isipoingia hapo ni nini kingine kitaingia.

Na wasanii Mkurugenzi, tafadhali sana. Tumesikia miaka nenda miaka rudi wakongwe wa vichekesho wakilia hali zao, wengine wamezikwa kwa michango. Kipindi kikipatikana kikarushwa tena, ama kikawekwa YouTube na matangazo yakaingia, mwigizaji ama familia yake ipate sehemu yake, na jina lake liandikwe vizuri. Nimeona vile watu wanavyofurahia zile klipu za zamani mnazoweka mtandaoni, wanataja majina ya waigizaji wote mpaka wa pembeni, wanauliza fulani yuko wapi siku hizi. Hao watu ndio watakaowasaidia kutambua tarehe na majina kwenye kaseti zisizo na maandishi. Wakumbukeni na watu wa nyuma ya kamera pia, walioandika, waliopiga picha, hao hata sura zao hatuzijui.

Kwa upande wangu, zile sehemu za mwisho ambazo wenyewe wameniruhusu kuziweka zipo, nimeziandika kila moja kuna nini ndani na imetoka kaseti ya aina gani, na kopi nitawapa bila malipo yoyote siku mtakayosema. Nina deki zinazocheza LP, ambazo siku hizi ni shida kupata, na nikiitwa Nairobi ama ofisi yenu ya hapa Mombasa nitakuja nazo na kuwafundisha vijana kuzisafisha. Ninachohitaji kutoka kwenu ni hiyo karatasi ya ahadi tu, niibandike pale mezani kwangu, mteja akisema "kata hiyo nyingine" nimuonyeshe asome.

Wako katika kazi,
Fundi wa kaseti, Mombasa